Kibali cha Ateliye ya Niboye

Mama alipopatwa na kiharusi, mimi nilikuwa Gisimenti, katika chumba nilichopanga ghorofani kwa ushonaji, nikikata vitambaa vya wasindikizaji wa bibi harusi. Mume wangu ndiye aliyenipigia simu. Alikuwa ametoka zamu ya alfajiri uwanja wa ndege, ambako anaendesha yale magari madogo ya kuvuta mizigo, akafika nyumbani na kumkuta mama sakafuni, kati ya kitanda na mlango. Macho yalikuwa wazi. Mkono wa kulia ulikuwa umelala ubavuni kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Alilazwa hospitali ya Kanombe, na baada ya muda akaanza kukaa, kisha kusimama, kisha kutembea akishika ukuta. Tulimshukuru Mungu. Lakini alirudi nyumbani na jambo ambalo hatukulitegemea. Kinyarwanda kilikuwa kimemtoka.

Mama ni Mnyarwanda, ila alizaliwa na kukulia Bujumbura, katika mtaa ambamo watu hununua, hugombana na kuombolezana kwa Kiswahili. Kinyarwanda kilikuwa lugha ya wazazi wake, na baadaye, tulipohamia Kigali, kikawa lugha yake ya kila siku. Sasa akikisikia aliinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Maneno yaliyobaki mdomoni mwake yalikuwa ya Kiswahili cha usichana wake. Daktari alisema hutokea. Huenda kingerudi, huenda kisirudi.

Dada tuliyemwajiri kumwangalia alitoka mashambani kusini, na hakujua neno la Kiswahili. Alikuwa na moyo mwema na mikono safi. Lakini siku moja mama aliomba choo akaletewa chai. Aliomba tena, akaongezewa sukari. Niliporudi jioni nilimkuta mama amegeukia ukutani, shuka limelowa, na yule dada analia jikoni kwa sababu hakujua kosa lake.

Nilimbadilisha mama nguo, nikakaa naye mpaka akalala. Hapo nikajua kwamba kazi yangu ya Gisimenti imekwisha. Ilinipasa kushonea nyumbani, mahali ambapo mama akisema neno nitalisikia.

Nyumba yetu iko Niboye, kwenye mteremko. Ni nyumba ya kawaida: sebule, vyumba vitatu vidogo, jiko la nje. Nyuma ya uwanja kulikuwa na ghala la matofali ya udongo mbichi lililoachwa na aliyetuuzia. Tulilitumia kuweka makaa na viti vibovu. Nililitazama ghala lile kwa macho mapya. Nilimwona mama amekaa pembeni kwenye kiti chake, cherehani zangu zimepangwa dirishani, wateja wanaingia kwa lango dogo bila kupita sebuleni. Hapa Kigali mahali pa namna hiyo tunapaita ateliye, na kwa muda mrefu nililitamka neno hilo kimoyomoyo kila nilipopita na ndoo za maji.

Tulimwita fundi mwashi aliyetujengea ukuta wa uani. Ni Mkongomani wa Bukavu, mchangamfu, na Kiswahili chake kinacheza. Alizunguka ghala, akagonga hapa na pale, akasema:

“Mama, hii kazi haiombi kibali. Hii ni kupaka plasta, kubadilisha bati, kutoboa dirisha. Tunaanza Ijumaa jioni, Jumapili bati iko juu. Nani atajua?”

“Majirani watajua,” nikamwambia.

“Majirani nao walijenga hivyo hivyo.”

Mume wangu alipendezwa. Alikuwa akimwonea huruma mama, akinionea huruma mimi, na bei ya fundi ilikuwa nafuu. Tulipobaki wawili aliniambia, “Mama watoto, wengi wanafanya hivi.”

“Na wengi wamebomolewa,” nikamjibu.

Hatukugombana. Tulikubaliana tu kwamba nitauliza kwanza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tulipokuwa tukizibua mtaro wa barabarani na majirani wengine, nilisogea karibu na mkuu wa mudugudu wetu, yaani kitongoji chetu. Ni mwalimu wa zamani, mama mwenye sauti ya chini, na alikuwa ameshika jembe kama sisi sote. Nilimweleza habari za mama na za ghala.

“Pole sana na mgonjwa,” alisema. “Ukuta ni wako, mlango ni wako. Lakini mteja akianza kuingia, hiyo si stoo tena. Nenda ofisi ya sekta ukaulize. Usiulize barabarani, barabarani kila mtu ni mhandisi.”

Nilicheka, lakini nilikwenda. Afisa wa ardhi alikuwa kijana mpole, akafungua kompyuta, akaitafuta nyumba yetu kwa namba ya hati. Alisema kushona nyumbani kunaruhusiwa mtaani kwetu, mradi hakuna kelele kubwa wala magari ya kuziba njia. Kisha akageuza kioo cha kompyuta ili nione.

“Mama, hili ghala liko wapi?”

“Nyuma. Hapa.”

“Hapa hakuna kitu. Kwenye mchoro wa nyumba yenu hapa ni uwanja mtupu.”

Nilikitazama kile kioo. Kweli, mahali pa ghala palikuwa peupe. Nilikuwa nimekuja kuomba ruhusa ya kutengeneza kitu ambacho kwa serikali hakikuwapo. Alinieleza njia: tutafute mhandisi aliyeidhinishwa, achore, mchoro uwekwe kwenye mtandao pamoja na hati, wilaya iukague, ndipo tupate kibali. Aliyasema yote bila kunikaripia, na bado nilitoka pale miguu mizito.

Mhandisi tuliyempata alikuwa msichana wa umri wa kuweza kuwa binti yangu, amevaa buti za mpira na shati lililopigwa pasi vizuri. Mama alimwona anapita uani akanong’ona, “Huyu ameolewa?” Nikamwambia sijui. “Muulize,” akasema mama. Sikumuuliza.

Mhandisi hakugonga ukuta kama fundi. Alipiga magoti, akatoa ufunguo mfukoni, akakwaruza sehemu ya chini ya ukuta. Udongo ulitoka mbichi kama unga uliokandwa. Alikwenda upande wa juu wa mteremko, akakwaruza tena. Kisha akasimama na kujipangusa magoti.

“Mama, jengo hili halina msingi. Maji ya mlimani yanapita chini yake kila mvua. Naweza kukuchorea kitu kizuri hapa, lakini si juu ya kuta hizi. Lazima zitoke.”

“Hata tukipaka plasta?”

“Plasta itakufichia ubovu usiuone. Haitazuia ukuta usianguke.”

Akaanza kutaja yanayohitajika: msingi wa mawe, nguzo za zege, ukuta mdogo wa kuzuia udongo upande wa juu, mifereji ya paa. Kila alipotaja kitu, nilikiona kinakula kitu kingine katika maisha yetu. Msingi ulikula cherehani mpya niliyoitamani. Ule ukuta wa kuzuia udongo ulikula sikukuu. Fundi aliposikia alicheka kwa uchungu. “Huyu binti anataka kujenga kanisa,” akasema, akaondoka na futi yake mfukoni.

Kwa kweli hata mimi nilimshuku yule binti. Nilifikiri anakuza kazi ili akuze malipo. Mume wangu ndiye aliyesema, “Tumwache achore. Mchoro hauumi.”

Ulichorwa, ukapelekwa, na baada ya wiki kadhaa ulirudishwa. Haukukataliwa. Ulirudishwa na swali moja: maji ya paa jipya yataelekea wapi? Mchoro ulionyesha yakishuka kwenye mfereji wa zamani, na mfereji ule ulipita katika kiwanja cha jirani wa chini. Walitaka mwenye kiwanja aridhie kwa maandishi, la sivyo maji yatafutiwe njia nyingine.

Jirani wa chini ni mwanajeshi mstaafu. Kila mtu humwita Afande. Alikuwa analima maharage na matunda ya pasheni kwenye kiwanja chake, anafuga kuku, na anaishi na mkewe, mama mnene mcheshi anayeuza vitambaa sokoni. Mimi na Afande tulikuwa watu wa salamu tu. Na salamu zenyewe zilikuwa baridi, kwa sababu tangu tulipojenga ukuta wa uani, maji yetu yalikuwa yakimwingilia.

Nilikwenda kwake Jumapili baada ya misa, na mchoro umekunjwa kwapani. Alinikaribisha barazani, akaniletea kiti, yeye akabaki amesimama.

“Afande, nimekuja na ombi.”

“Najua ombi lako. Binti wa buti za mpira alipita hapa.” Alinyoosha kidole kwenye matuta yake. “Yaone yale maharage. Hayo ni ya mwanzo. Na yale ya pili nimepanda upya baada ya maji yenu kuyafukua. Sasa mnataka paa jingine?”

“Paa litakuwa na mifereji.”

“Mifereji inayoleta maji wapi?”

Nikayatazama maharage yake, maana jibu lilikuwa pale.

“Sitatia saini,” alisema bila hasira. “Usinielewe vibaya. Mgonjwa wenu nimemwona, na ninawaombea.”

Nilirudi nyumbani nikaketi kitandani na viatu vyangu miguuni. Mume wangu alitaka kushuka kwenda kumwambia maneno. Nilimzuia, si kwa busara bali kwa uchovu. Tulikuwa na mhandisi wa kulipa, ofisi ya kusubiri, kodi ya Gisimenti inayoendelea, na sasa jirani.

Kilichobadilisha mambo hatukukipanga. Asubuhi nilikuwa nikimtoa mama na kumweka juani karibu na ukuta wa chini, ule unaotutenga na Afande. Siku moja nilikuwa naanika nguo, nikasikia Afande anamfokea kuku wake. Alikuwa akimfokea kwa Kiswahili, Kiswahili cha jeshi, cha amri.

“Wewe! Toka hapo! Toka haraka! Mpuuzi mkubwa wewe!”

Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa chake. Kisha akapaza sauti:

“Kuku hasikii amri za jeshi, baba! Mpe mahindi!”

Kofia ya Afande ikatokeza juu ya ukuta, kisha macho yake.

“Nani anasema Kiswahili hapo?”

“Mie,” alijibu mama. “Na weye umejifunzia wapi, mbona unasema kama unapiga mtu?”

“Nilijifunza kwenye mafunzo, mama. Ndivyo tulivyofundishwa.”

“Walikufundisha vibaya.”

Tangu siku ile walikuwa wanaongea kila asubuhi juu ya ukuta. Mwanzoni nilisogea karibu nisikilize, nikihofia mama atachoka. Hakuchoka. Alimfundisha Afande kuomba badala ya kuamuru, kusema “naomba” na “tafadhali” na “samahani bwana,” na Afande alimsimulia maisha ya kambini, akiruka yale ambayo mtu huyaruka mbele ya mama mgonjwa. Baadaye mkewe akaja kumchukua mama kwa mkono, akamshusha taratibu hadi barazani kwao, akampa chai. Mama alianza kudai kwenda huko kama mtoto anayedai shule.

Nilidhani basi, saini imepatikana. Nilimwendea Afande tena. Akatikisa kichwa.

“Mama yako ni rafiki yangu. Lakini maji ni maji.” Kisha akaketi, mara hii aliketi, akasema, “Mwambie yule binti achore tangi. Maji ya paa yaingie kwenye tangi, na yanayozidi yapite kwenye bomba pembeni mpaka mtaro wa barabara. Akichora hivyo, bomba lipite kwangu, nitatia saini hata leo.”

Ilikuwa haki. Mhandisi naye alisema ni bora kuliko alivyochora mwanzo, na akachora upya bila kutudai malipo ya pili. Lakini tangi si ndoo, na bomba refu vile si mrija. Tulitoa akiba yangu ya ikimina, kile kikundi cha wanawake tunaochangiana kila mwezi, na haikutosha. Mume wangu alihesabu na kuhesabu siku mbili tatu. Kisha jioni moja alirudi kwa miguu. Alikuwa ameuza pikipiki yake.

“Utafikaje kazini alfajiri?” nilimuuliza.

“Kuna basi la wafanyakazi, linapita barabara kubwa.”

“Barabara kubwa ni mbali.”

“Daktari alisema kutembea ni dawa,” akasema.

“Alimwambia mama, si wewe.”

Akacheka, nami nikacheka, nikaenda jikoni nisije nikalia mbele yake.

Afande alitia saini juu ya meza yake ya barazani, kwa herufi kubwa zilizonyooka. Faili likarudi wilayani. Tukaanza kusubiri, na mvua za masika nazo zikaanza.

Kusubiri kule kulikuwa kugumu kuliko kuomba. Yule dada alikuwa amerudi kwao, nami nilikuwa nimeleta cherehani mbili nyumbani, nikaziweka sebuleni. Nyuzi ziliingia kwenye chakula. Watoto walifanyia kazi za shule kitandani. Mama alikaa kando yangu, na alipotaka kitu nilisimama, nilipokaa alitaka kingine. Siku moja, alipokuwa akijaribu kula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, bakuli lilimponyoka na uji ukamwagikia satini nyeupe ya bibi harusi mmoja. Alinitazama kwa woga. Mama yangu, aliyenifundisha kutia uzi kwenye sindano, ananiogopa mimi. Nilimkumbatia, nikamwambia si kitu, kitambaa kingine kipo. Lakini moyoni nilisema: yatosha.

Jioni hiyo nilimwambia mume wangu, “Kesho nahamia ghalani. Kwa muda tu. Sijengi kitu, sipaki kitu. Nafagia na kuingia.”

“Mhandisi alisema...”

“Mhandisi hana mgonjwa sebuleni.”

Akanisaidia. Tulitoa makaa, tukafagia, tukatandika mkeka wa plastiki. Tukapeleka meza ya kupigia pasi na kuiweka chini ya ukuta wa juu, ule wa upande wa mlima, mahali penye mwanga wa mlango. Cherehani na kiti cha mama tuliviacha kwa siku ya pili.

Siku ya pili, mume wangu akiwa kazini na watoto shuleni, nilimpeleka mama kwa mke wa Afande ili nipate mikono huru ya kuhamisha. Nilipanga kumrudisha baada ya chakula cha mchana na kumkalisha pale pale karibu na meza. Cherehani nilikuwa nimezifungua tu, bado ziko sebuleni, nilipokwenda kumchukua, naye akakataa. Chai yake haijaisha, alisema. Nikamwambia chai anaweza kuimalizia nyumbani. Akasema chai ya nyumbani ni ya mgonjwa, hii ni ya mgeni. Mke wa Afande akacheka, akanivutia kiti, akanimiminia na mimi.

Mvua ikatukuta hapo. Ilikuwa mvua nzito, ya kuziba macho, na ilikaa. Tulikuwa tunaongea kwa kupaza sauti kwa sababu ya kelele za bati. Halafu tukasikia mshindo, si mkubwa, kama gunia la viazi likitupwa kutoka kwenye lori, na baada yake sauti ya bati likikunjika.

Afande alikuwa wa kwanza kusimama. Alitoka nje mvuani bila koti, akapita kwenye lango letu, nami nyuma yake bila viatu. Ukuta wa juu wa ghala ulikuwa umelala kwa ndani. Mlima wa udongo mwekundu ulikuwa umefunika mahali pote, na mguu mmoja wa meza ya kupigia pasi ulikuwa umechomoza.

“Kuna mtu ndani?” Afande alipiga kelele kwa Kiswahili. Nadhani ilimtoka yenyewe. “Kuna mtu ndani?”

Mimi nilikuwa bado nautazama ule mguu wa meza. Akaanza kuchimba kwa mikono, akitupa matope nyuma yake. Ndipo nilipopiga kelele.

“Hakuna! Afande, hakuna mtu! Hakuna mtu!”

Alisimama, mikono myekundu hadi viwikoni. Nilikuwa bado nasema. Nilisema “hakuna mtu” hadi akanishika mabega na kunigeuza nitazame kwake, ambako mama alikuwa amesimama barazani, ameshikiliwa na yule mama mnene, akiwa na kikombe chake mkononi, akiuliza kwa sauti kwa nini watu wanakimbia.

Nilikaa chini kwenye matope, mvua ikinipiga, na kitu kilichonijaa hakikuwa hofu. Hofu ilikuja baadaye, usingizini. Pale pale kilikuwa wepesi, wepesi wa ajabu, kana kwamba mtu amenitua mzigo ambao sikujua nimeubeba kichwani.

Mume wangu alifika jioni, amekimbia kutoka barabara kubwa. Alisimama mbele ya kifusi muda mrefu. Kisha akaingia ndani na kutugusa mabegani mmoja mmoja, watoto, mama, mimi, kama anayehakikisha kwamba ni sisi.

Watu wa kanisani waliposikia walisema kibali ndicho kilichotuokoa, kwamba tungejenga mapema tungekuwa humo. Sijui. Siku ile kibali hakikuwa kimetoka, na mimi nilikuwa tayari nimeshafagia. Kilichomwokoa mama ni kikombe cha chai ambacho hakutaka kukiacha, na baraza la jirani aliyekuwa amekataa kututilia saini. Hayo nayajua kwa sababu nilikuwapo.

Kibali kilikuja siku chache baadaye, kwa ujumbe wa simu, nikiwa nimepanga foleni ya kununua gesi. Niliusoma nikausoma tena. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu aliniuliza kama nimepata habari mbaya, maana nilikuwa nafuta machozi. Nikamwambia, “Hapana, mama. Nimeruhusiwa kujenga.” Akanipongeza kama nimejifungua.

Tulimwita tena yule fundi wa Bukavu. Alisimama mbele ya kifusi, akavua kofia.

“Mama,” alisema, “siku ya kupaka ningekuwa humu mimi na watu wangu.”

“Lakini hukuwamo,” nikamwambia.

Akaomba aone mchoro. Akakaa nao kwenye ngazi za jikoni, akafuata mistari kwa kidole, na kwa kazi yote iliyofuata hakulitaja kanisa hata mara moja. Mhandisi alikuja na buti zake, wakabishana kuhusu nondo, wakaelewana, wakabishana tena. Siku ya msingi alikuja mkaguzi. Nilikuwa sijalala vizuri. Alipima umbali wa kutoka kwenye mpaka, akaupima tena, akauliza njia ya maji, akaenda kuchungulia mahali bomba litakapopita. Afande alikuwa amesimama upande wake wa ukuta, mikono nyuma. “Naomba uangalie vizuri, tafadhali,” alimwambia kwa Kiswahili chake kipya, na mkaguzi akamtazama kwa mshangao. Kisha akaandika, akatupa mkono, akasema, “Endeleeni.”

Tulipunguza palipopunguzika. Madirisha tulinunua yaliyotumika, kutoka kwenye nyumba iliyobomolewa upande wa Remera, na moja halifunguki mpaka leo. Dari hatukuweka. Rangi tulipaka wenyewe, mimi na watoto, na ukiangalia kwa makini utaona tulipoishiwa. Lakini msingi, ule ukuta wa kuzuia udongo, tangi na bomba hatukuvigusa. Hakuna aliyependekeza.

Siku niliyokabidhi chumba cha Gisimenti, mwenye jengo alikagua kuta, akanirudishia amana yangu na kuniambia nitakumbuka kelele za pale. Labda. Tulipakia kila kitu kwenye gari moja dogo la mizigo: cherehani, majora ya vitambaa, sanamu la kupimia nguo limekaa mbele na dereva kama abiria. Watoto walikuwa wanasubiri langoni, na walipoliona walipiga makofi.

Asubuhi ya kwanza ya kazi alikuja mama mmoja aliyekuwa anaozesha binti yake. Aliingia kwa lango dogo, akamsalimia mama yangu kwa Kinyarwanda. Mama akamjibu kwa Kiswahili, na kila mmoja akaridhika. Nilimpima mteja mabega, nikaandika vipimo, nikaanza kuchora chaki kwenye kitambaa. Kisha nikakumbuka maharage yako motoni. Nikamwomba anisubiri kidogo, nikatoka, nikavuka uwanja kwa hatua chache, nikafunua sufuria, nikaonja, nikaongeza chumvi. Hakuna simu iliyolia. Hakuna aliyekuwa ananihitaji mahali ambapo sipo. Nilisimama pale na mwiko mkononi kwa muda mrefu kuliko maharage yalivyohitaji, halafu nikarudi kumalizia kazi.